Mvua ya Julai

Naomba tuelewane tangu mwanzo: mimi si mtu mbaya. Nina miaka kumi na moja hapa Kigali, kibali changu cha kazi huhuishwa kila baada ya miaka miwili, na nina watoto wawili wanaosoma hapa hapa Kicukiro. Kiswahili chao kimeshaharibika, wakirudi shule wananiambia "baba, iko njaa". Naitwa Lusekelo, kwetu ni Tukuyu, na kazi yangu ni kuandika ripoti za mazingira. Mtu akitaka kujenga ghorofa, soko au kituo cha mafuta, sharti kwanza iandikwe ripoti inayosema kama ujenzi wake utaharibu maji, miti au watu. Hiyo ripoti naiandika mimi, na mpaka leo sijawahi kuandika kwamba utaharibu.

Ofisi yetu iko Niboye, juu ya saluni, kwa hiyo tunafanya kazi huku tunanusa dawa ya nywele. Bosi ni Kagabo, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, mtu wa suti na wa haraka, anayetembea na mhuri wa kampuni mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Wengine ni mimi, dereva asiye na gari, na kila mwaka, mwanafunzi wa staji. Kwetu Tanzania tunaita mwanafunzi wa filidi. Jina lolote umpe, kazi yake ni kufuata chapati.

Mwaka huu aliletwa binti mmoja, Gahongayire, wa mwaka wa mwisho, anasoma usimamizi wa mazingira na mipango miji. Amezaliwa Karagwe, akakulia huko kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, basi Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni, mikono ameishika mbele, akasema, "Shikamoo." Jamani! Miaka kumi na moja katika mji huu, nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mtu wa kuamkiwa. Nikamwitikia marahaba, mwanangu, na nikampa kiti kisichoyumba.

Alikuwa na jambo lake moja lililomleta, na hakulificha. Wilaya moja ya mashariki ilikuwa imemwahidi nafasi ya afisa mazingira, mradi apate cheti chake Novemba. Ili apate cheti, lazima afaulu staji. Ili afaulu staji, anatakiwa ajaze kitabu cha staji siku kwa siku, akiandika amefanya nini na amejifunza nini, msimamizi asaini kila ukurasa, na mwishoni bosi agonge mhuri. Basi. Ni kazi ya kupumua tu, nilimwambia.

Msimamizi ndiye mimi. Na mimi nasaini Ijumaa saa tisa alasiri, kurasa tano kwa mkupuo, kalamu ya buluu, chap chap, tukaendelee na wikiendi. Kusoma sisomi. Nani anasoma kitabu cha staji? Vyote vinasema "leo nimejifunza umuhimu wa ushirikiano kazini". Hata chini ya ukurasa pamechapwa "nimesoma na nathibitisha kuwa haya ni kweli", lakini maneno ya kuchapwa ni ya mchapaji, si yangu.

Kazi ya kwanza niliyompa ilikuwa ripoti ya Rebero. Kuna mteja alitaka kujenga majengo manne ya ghorofa kwenye mteremko kule, ya kupangisha wenye nazo. Nikafungua kompyuta, nikaitoa ripoti ya soko la Kabuga tuliyoifanya mwaka juzi, nikamwonyesha ufundi wenyewe.

"Hapa unaiambia itafute neno Kabuga. Hapa unaandika Rebero. Unabonyeza badilisha zote. Umeona? Kilima kimehama."

Akatazama kioo, akanitazama mimi. "Na kiwanja tutaenda kukiona lini?"

"Kiwanja kipi?"

"Cha Rebero."

Nikacheka. "Mwanangu, Rebero naiona kila siku nikisimama dirisha la choo."

Hakucheka. Baada ya saa moja akarudi na kidole ukurasa wa thelathini na moja. "Hapa pameandikwa kuna vyura wa aina tatu. Wameonekana Rebero?"

Sasa wale vyura nina historia nao. Walianzia kwenye ripoti ya kiwanda cha chai, zamani, wakati bado tuna bidii. Tangu hapo wamepita shule mbili, ghala la saruji na kituo cha mafuta, na hakuna mamlaka wala mteja aliyewahi kuuliza wanakula nini kwenye kituo cha mafuta. Nikamwambia waache, ripoti isiyo na mnyama inaonekana ya kivivu. Akaandika kitu kwenye kitabu chake. Nikafurahi kuona mtoto anayeshika kazi.

Wiki zikaenda hivyo. Alileta chapati, alibadilisha majina, wakati mwingine aliomba ruhusa mchana akatoka kwa miguu, nami nilimruhusu kwa sababu kazi alikuwa anaimaliza mapema. Ijumaa nilisaini. Hakuna aliyelalamika.

Wiki ya saba, Jumatatu, ikaja barua kutoka chuoni. Dakta Nsabimana, mwalimu wake, atafika Alhamisi kukagua. Kagabo alipoiona akataka kukipitia kitabu cha mtoto kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Alifunga mlango wa ofisi yake. Dakika kumi baadaye nikasikia, "Ariko Lusekelo!" Akianza na "ariko" ya namna hiyo, ile "lakini" ya Kinyarwanda, ujue kuna mtu ataumia.

Nilimkuta amesimama, kitabu kimefunguliwa mezani.

"Iko nini hii?" akaniuliza. Akaanza kunisomea kwa sauti. "'Siku ya tatu. Nimebadilisha Kabuga kuwa Rebero mara mia mbili na kumi na nne. Nimejifunza kwamba kompyuta haina aibu.' Sikia hii. 'Siku ya sita. Nimeuliza kuhusu vyura. Nimejifunza kwamba vyura wetu wanasafiri.' Na hii. 'Siku ya nane. Nimenunua chapati sita. Nimejifunza kwamba mkurugenzi hapendi zenye mafuta mengi.'"

Nikajikaza nisicheke. Kagabo hakuwa anacheka.

"Sasa sikia hii. 'Siku ya kumi na saba. Nimekwenda Rebero. Katikati ya kiwanja kuna chemchemi, nyumba kumi na tatu zinachota maji hapo. Mama Uwimana anaishi jirani nayo miaka ishirini na anasema haijakauka hata Agosti moja. Ripoti yetu, ukurasa wa kumi na tisa, inasema eneo halina chanzo cha maji.'" Akashusha kidole chini ya ukurasa. "Na hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulisoma?"

"Bosi, ningesoma ningesaini?"

Akakaa chini taratibu. Hatukuhitaji kuelezana. Chemchemi ikiandikwa kwenye ripoti, sheria inamtaka mteja aache eneo pande zote bila kujenga, na kwa ule mteremko, ghorofa mbili kati ya nne zinaondoka. Na mteja akipoteza ghorofa mbili, sisi tunampoteza mteja.

"Aandike kitabu kingine," alisema Kagabo. "Cha kawaida. Kama hakuna kingine, hakuna muhuri, aende na hicho chake mpaka chuo aone. Na wewe, kibali yako inaisha mwezi wa tisa, sindiyo?"

"Ndiyo."

"Haya. Ongea na mtoto."

Nilimpeleka Gahongayire kwenye kibaraza cha nyuma, tukasimama, chini yetu nguo za saluni zimeanikwa. Nikamweleza yote bila kuzunguka. Alinisikiliza, macho yakajaa machozi lakini hayakumwagika.

"Lakini ni kweli, mzee," alisema. "Nimeiona kwa macho yangu. Nimekunywa."

"Nani amesema si kweli? Kweli haina haraka. Funika kombe mwanaharamu apite. Wewe chukua cheti chako, uwe afisa wa wilaya, ndipo utetee chemchemi zote za mashariki mpaka uchoke. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

"Na hii ya Rebero?"

"Hiyo nayo Mungu ataijua."

Nami, badala ya kuishia hapo, nikamweleza habari za kibali changu. Nikamweleza watoto, shule, mke wangu anavyoshona sare za shule nyumbani, na kwamba Tukuyu sina hata jiko la kurudia. Sikumlazimisha. Nilimweleza tu, naye alikuwa na moyo mwepesi wa huruma, jambo nililolijua vizuri tangu ile shikamoo ya siku ya kwanza.

"Kwa hiyo nikikataa," alisema polepole, "mimi nakosa mhuri na wewe unapoteza kazi."

"Ndivyo ilivyo, mwanangu."

"Basi nipe cha kuandika."

Alikwenda chuoni akadai kitabu chake kimemwagikiwa chai, wakampa kipya. Nadhani ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza, maana aliporudi alinisimulia mara tatu jinsi alivyousema. Mimi nikafungua kabati, nikatoa kitabu cha kijana aliyekuwa kwetu mwaka juzi, jina lake Hirwa, ambacho alikisahau baada ya kukaguliwa na kupata alama themanini na nane. Ulikuwa mfano mzuri sana. Hakikuwa na chura wala chapati. Kila ukurasa ulijaa ushirikiano.

"Nakili kama kilivyo," nikamwambia. "Badilisha tarehe tu. Cha kwako usiongeze hata nukta, maana cha kwako ndicho kilichotufikisha hapa."

Alikaa dirishani siku mbili akinakili. Hakuinua kichwa hata kwa chai. Akimaliza kurasa kumi ananiletea nasaini, na nilitumia kalamu tatu tofauti ili ionekane nilisaini kwa wiki tofauti. Mambo hayo nina uzoefu nayo. Kile cha kwanza alinikabidhi kwa mikono miwili akaniuliza nitakiweka wapi. Nilitaka kukichana. Lakini kina sahihi zangu thelathini, na mtu kuchana jina lake mwenyewe ni mkosi. Nikakitia kwenye droo ya chini ya meza yangu, akiniona, nikafunga.

Alhamisi Dakta Nsabimana akafika kwa pikipiki, mtu mfupi, miwani mikubwa, mkoba begani. Tulimkalisha kwenye meza yangu kwa sababu ndiyo pana. Mimi huku, yeye kule, Gahongayire kando yake, Kagabo amejiegemeza kabatini na Fanta mkononi, ametabasamu mpaka jino la mwisho. Tukaagiza Fanta nyingine ya mgeni. Hakuigusa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.

Nikasubiri afunue harakaharaka kama watu wote wenye akili. Wapi! Alisoma ukurasa wa kwanza wote. Akasoma wa pili. Nikajiambia huyu atachoka wa tano. Wa kumi na mbili alikuwa bado anasoma, tena anafuata mistari kwa kidole. Jasho likaanza kunitoka kwapani. Alipofika wa ishirini na tano akasimama.

"Gahongayire," alisema. "'Siku ya ishirini na tano. Mvua kubwa imenyesha siku nne mfululizo. Kazi ya nje imeahirishwa.' Hii ilikuwa tarehe ngapi?"

"Tarehe tisa, mwalimu."

"Tarehe tisa mwezi gani?"

"Julai."

Dakta aligeuka akatazama nje. Sote tukatazama nje. Miembe ya jirani ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Mtu alikuwa akimwagia maji barabara mbele ya duka lake ili vumbi litulie. Kigali haijaona tone tangu mwisho wa Mei, hata kipofu anajua.

"Mabadiliko ya tabianchi, Dakta," alisema Kagabo.

Hakuna aliyecheka.

"Mvua hii naijua," alisema Dakta. "Niliisoma mwaka juzi kwa kijana anaitwa Hirwa, yeye alikuwa hapa Aprili, basi ikaniingia akilini. Mwaka jana niliisoma tena kwa mwingine aliyetoka kwenu, nikamwonya, nikamsamehe. Sasa chuo kimeweka sheria. Anayenakili anapata sifuri. Anarudia staji mwakani."

Gahongayire alikuwa ameshika kingo za kiti.

"Huyu ndiye mwanafunzi wangu bora darasani," Dakta aliendelea, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Hoja zake zinanichosha, swali juu ya swali. Haiwezekani amekaa kwenu wiki saba asiandike hata sentensi moja ya kwake. Niambieni kweli. Kuna kitabu kingine? Kikiwepo, nikikiona leo, hiki nakisahau."

Droo ilikuwa imegusa goti langu. Ningenyoosha mkono tu. Gahongayire alitazama droo, halafu akanitazama usoni, na hakuwa ananiomba, alikuwa anasubiri, basi. Mimi nikamtazama Kagabo. Kagabo alikuwa anatazama Fanta yake. Nikafikiria mwezi wa tisa. Nikafikiria watoto na Kiswahili chao kibovu. Nikafungua mdomo, na ninaapa sikujua kitatoka nini.

"Dakta," nikasema, "vijana wa siku hizi wana haraka."

Mashine za saluni zilisikika huko chini. Ndipo Gahongayire alipozungumza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hakuna kitabu kingine, mwalimu. Nilinakili mwenyewe. Msimamizi wangu hakujua."

Niliona haya. Naisema wazi, niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Halafu hapo hapo nikasikia afadhali, na afadhali ilikuwa kubwa kuliko haya, na hilo ndilo ambalo sijamwambia hata mke wangu.

Dakta aliandika sifuri. Aliiandika taratibu, kama mtu anayesaini cheti cha kifo, kisha akanipa fomu nami nijaze sehemu yangu. Palikuwa na visanduku. Utii: bora sana. Ushirikiano: bora sana. Maoni mengine: nikaandika mwanafunzi ana nidhamu. Kagabo akagonga mhuri kwa furaha, maana mhuri hauna gharama pale mtu ameshaanguka. Gahongayire alitupa mkono sote, wa mwisho mimi, akashuka ngazi. Ripoti ya Rebero ilipelekwa kwa mteja alasiri ile ile, pamoja na vyura.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Saa tisa ikafika, na sikuwa na cha kusaini. Kagabo alikuwa ameshaondoka. Nikafungua droo ya chini, nikatoa kile kitabu, na kwa mara ya kwanza tangu niwe msimamizi wa mtu yeyote, nikasoma.

Nilicheka, sitaki kuwa mwongo. Mtoto yule ana mdomo! Nilicheka kwenye kompyuta isiyo na aibu, nikacheka kwenye chapati, nikacheka peke yangu mpaka yule binti wa saluni akapanda kuuliza kama niko salama. Nikafika siku ya kumi na saba, ile aliyosoma Kagabo, ya chemchemi. Nilidhani hapo ndipo habari inaishia, kwa sababu Kagabo alipofika hapo alifunga kitabu. Nikafunua.

"Siku ya kumi na nane," alikuwa ameandika. "Asubuhi nimemweleza msimamizi wangu kuhusu chemchemi ya Rebero. Nimemwonyesha picha. Alikuwa na kazi nyingi lakini alinisikiliza, akasema, 'Sawa mwanangu, nitalishughulikia.' Mchana nimerudi kwa Mama Uwimana kumwambia asihofu, yuko mtu mzima ofisini kwetu ameshalichukua. Alifurahi sana, akanipa maparachichi mawili nimletee msimamizi wangu. Nimejifunza kwamba si lazima nibebe kila kitu peke yangu."

Nilijaribu kukumbuka. Picha sikuikumbuka kabisa, wala maneno. Maparachichi niliyakumbuka. Yalikuwa mazuri, niliyala pale pale mezani na sikuuliza yametoka wapi.

Chini ya ukurasa palikuwa na sahihi yangu, wino wa buluu, haina hata kigugumizi.

Namba ya Dakta Nsabimana imeandikwa ndani ya jalada, kwa wasimamizi wenye jambo la kusema. Kibali changu kilihuishwa Septemba bila tatizo. Mahafali yalikuwa Novemba, na ile nafasi ya wilayani wamempa mtu mwingine. Leo ni Desemba, kule Rebero wameanza kuchimba msingi, nawaona nikisimama dirishani, na bado sijapiga simu.